Kibla Kiko Mkono wa Kulia: Kutoka Dodoma hadi Tabora

Katika daftari la mfuko wa maziko la msikiti wetu, hapa Tabora, lipo jina moja lililokatwa kwa kalamu nyekundu. Tulilikata sisi wenyewe, mwezi wa Shaaban uliopita, kwa mujibu wa kanuni tulizozitunga wenyewe: mwanachama atakayekosa vikao vitatu mfululizo bila ya kutoa udhuru wa maandishi atahesabiwa amejitoa. Mwenye jina hakuwa na deni la hata shilingi moja. Mkewe alikuwa akileta mchango kila mwezi ndani ya bahasha. Lakini yeye mwenyewe haonekani vikaoni, na Ijumaa huonekana kwa nadra, safu ya mwisho, tena huwa wa kwanza kutoka. Mjumbe mmoja alisema kuwa mtu asiyeujua msikiti akiwa hai asitazamie msikiti umjue akiwa maiti. Maneno yale yalitupendeza kwa ukali wake. Tukapiga mstari, tukaendelea na ajenda ya pampu ya kisima.

Wiki tatu zilizopita tulikwenda Dodoma watu watatu, yaani imamu, mweka hazina na katibu, kufuatilia hati ya kiwanja cha msikiti. Habari za hati hiyo tutazieleza siku itakapotoka, insha Allah. Siku ya kurudi tulifika asubuhi katika stesheni ya zamani ya Dodoma kuingojea treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam jana yake. Tangu mwaka 2024 wasafiri wa Dar es Salaam na Dodoma wana treni ya umeme ya reli mpya, na wengi wao wameisahau hii ya zamani. Sisi wa Tabora bado tumo juu ya reli ya Mjerumani, yenye upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Pale jukwaani, baina ya magunia na ndoo za watu, tulimkuta mwenye jina lile. Alikuwa na begi dogo, mkeka uliokunjwa na dumu la maji la lita tano. Yeye ndiye aliyetangulia kutoa salamu.

“Assalaam alaykum, masheikh. Na nyinyi leo mnapanda gari letu?”

Tuliitikia. Imamu wetu, ambaye hana desturi ya kuyakimbia mambo mazito, alimkamata mkono akamwambia akae nasi. Mweka hazina alijishughulisha na tiketi. Nasi tulijishughulisha na kumtazama mweka hazina.

“Usiku wa juzi nilileta mabehewa ishirini na mawili hapa,” alisema tulipokwisha kukaa. “Mwenzangu ameyapokea, ameyapeleka mbele. Mimi sina zamu ya kurudi, basi wananirudisha nyumbani kama mzigo.”

Tulimpisha dirishani. Treni ilipoondoka, alikaa kama mgeni, akiyatazama mashamba ya mizabibu na mibuyu ya Ugogo ikipita kando kando. Baadaye alitueleza sababu. Mtu aliyeendesha kwa miaka zaidi ya ishirini, alisema, huijua njia kwa mbele tu. Hujua kila kona, kila daraja, kila mahali ambapo reli huinuka kidogo au kuinama, lakini vijiji vya ubavuni huviona kwa kufumba na kufumbua. Hajui nyuma ya nyumba ile yenye bati jekundu kuna nini, ingawa ameipita mara zisizohesabika. “Leo ndiyo naona kuna kisima,” alisema, na kwa kweli alionekana kufurahi.

Kutoka Dodoma njia huteremka hadi bonde la Bahi. Tulipita mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua. Majaruba ya mpunga yalikuwa makavu yenye mabua tu, ardhi imepasuka, na ng'ombe wa Wagogo walikuwa wakitembea kwa safu ndefu kuyafuata maji yaliyosalia, yangeyange weupe wakiwafuata nyuma. Msimu wa mvua, alituambia, bonde hilo hilo hugeuka ziwa, na chura husikika hata juu ya mngurumo wa injini. Hapo ndipo dereva hupunguza mwendo na kutazama tuta kwa macho ya wasiwasi, kwani maji yanaweza kula udongo chini ya mataruma huku reli zenyewe zikibaki zimenyooka kana kwamba hapana kitu. Njia hii inajua madhara ya maji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata baina ya Kilosa na Gulwe, na miezi ikapita pasi na treni kupita huko.

Tulimwuliza swali ambalo tunadhani kila abiria hulificha moyoni: treni ya mizigo husimamaje? Alitufahamisha kwa utaratibu, kama mwalimu wa madrasa. Watu hudhani upepo ndio unaobana breki, na kumbe upepo ulio ndani ya mabomba, kutoka kichwani hadi behewa la mwisho, ndio unaoziachia. Dereva anapotaka kupunguza mwendo huutoa upepo kidogo, na breki hubana behewa baada ya behewa. Bomba likikatika, zote hubana zenyewe. Mpango huo una hekima ndani yake. Hata hivyo, treni iliyoshiba mizigo haisimami pale unapotaka isimame. “Nikiona kitu mbele yangu, Katibu, nakuwa nimekiona mapema na nimechelewa kwa wakati mmoja. Usukani sina. Kukwepa sijui. Nina honi, nina breki, na nina dua.”

Tulipoikaribia stesheni ya Kintinku aliacha kuzungumza. Aliinamisha kichwa, akaitazama sakafu ya behewa, na midomo yake ilikuwa ikienda. Hatukumwuliza. Treni ilipokwisha kuipita aliinua uso, akanywa maji, akaanza kutusimulia habari za kuku wa Saranda.

Baada ya Kintinku ukuta wa Bonde la Ufa husimama mbele ya msafiri, na njia hulazimika kuupanda. Mwendo hupungua, injini huguna, na mabehewa ya nyuma huonekana yakikunja kona kama jongoo. Hapo kichwa cha treni hunyunyiza mchanga juu ya reli, mbele ya magurudumu, ili chuma kisiteleze juu ya chuma. Hatukuwahi kulijua jambo hilo maishani mwetu, kwamba mashine kubwa kiasi kile hubeba mchanga mkavu kama mwanamke abebavyo unga. Kutoka bondeni hadi juu, Manyoni, ambako ni zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, dereva wa mizigo haondoi jicho wala mkono. Lakini kupanda si kugumu kama kushuka, alisema. Anayepanda akikosa nguvu husimama. Anayeshuka akikosa breki hana pa kusimama.

Hapo alilitaja jina la mahali ambapo, kwa maneno yake, madereva wa njia hii hawapataji kwa mzaha. Igandu iko upande wa pili wa Dodoma, kwa anayeelekea Morogoro. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilipoteza breki katika mwinuko wa huko, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki dunia. Ndugu yetu wakati huo alikuwa kijana anayejifunza kazi. Anakumbuka kuwa miongoni mwa maiti walikuwemo ambao jamaa zao hawakupatikana kwa wakati, wakazikwa na watu wasiowajua.

“Basi mimi na mke wangu,” alisema, “tuliposikia msikiti una mfuko wa maziko, tulikuwa wa mwanzo kujiandikisha. Nikifia njiani, wapo watakaonifuata.”

Hakuyasema hayo kwa kutulaumu. Aliyasema huku akivunja kipande cha muwa. Mweka hazina alitazama nje, na kule nje palikuwa na mawe matupu.

Saranda ni pale pale tunapopajua sote: akina mama wamejipanga na masinia kichwani, kuku wa kuchoma, mayai, karanga, ugali wa moto ndani ya mifuko. Mweka hazina, ambaye kwa jambo hili tunamsifu daima, aliuliza kuku wamechinjwa na nani. Dereva alitoa kichwa dirishani, akaita, na mama mmoja mwenye baibui kuukuu akaja mbio. Anamjua, kwa kuwa treni za mizigo husubirishwa pale kila mara kupisha za abiria, na katika kusubiri huko ndimo dereva hujua nani ana kuku wa halali, nani ana maji ya kutawadha, na msikiti uko umbali gani. Tulikula. Wallahi kuku wa Saranda ana sifa anazozistahili.

Treni ilipofika Itigi ilikaa kwa muda mrefu, kama ilivyo ada yake. Ndugu yetu alitwambia tushuke bila hofu. Alitwaa lile dumu, akatugawia maji ya kutawadha kwa kipimo, akakunjua mkeka upande wa kaskazini wa njia. Kibla kwetu sisi wa nchi hii ni kaskazini, kimeinama kidogo mashariki. Kwa dereva wa Reli ya Kati hilo lina hesabu yake: anayekwenda Kigoma, kibla kiko mkono wake wa kulia, anayeteremka Dar es Salaam, kiko kushoto, na anayekata Tabora kwenda Mwanza, kibla kiko mbele yake, treni nzima inakielekea. Alituonyesha kwa mikono, na tukacheka kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa sisi tuliosomea dini miaka kadhaa chuoni hatukuwahi kuliwaza.

Imamu alitutangulia. Tulikuwa wasafiri, tukapunguza na kuzikusanya adhuhuri na alasiri. Imamu alipotoa salamu baada ya rakaa mbili, ndugu yetu aliinuka akakamilisha nne. Tunakiri kuwa mmoja wetu alidhani hajui hukumu ya msafiri, na alikwisha kuyaandaa maneno ya kumfundisha. Alipomaliza, imamu ndiye aliyemwuliza kwa upole kwa nini.

“Sheikh, mimi safari ndiyo kazi yangu. Maalim wetu, Mungu amrehemu, alinifundisha kuwa kupunguza naruhusiwa, lakini mtu ambaye siku zake zote ni safari, kukamilisha ni bora kwake. Basi nikipata nafasi nakamilisha. Nikiwa kwenye njia ya kupishana na taa inakaribia kubadilika, napunguza.”

Imamu alitabasamu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamelizungumza jambo hilo hasa, kwa kumtaja baharia ambaye chombo ndicho nyumba yake. Wao walikuwa na jahazi machoni. Huyu ana kichwa cha treni. Kwa Ramadhani naye ana utaratibu wake. Siku za zamu ndefu, katika joto la Bahi, anapoona kuwa saumu itamtia usingizi au kizunguzungu, huitumia ruhusa ya msafiri, na likizo yake ya mwaka huifanya ya kulipa. Watoto wake, alisema, wanajua kuwa baba akiwa nyumbani mchana chakula kinaandaliwa cha jioni.

Tulipopanda tena, vichaka vya Itigi vilituzunguka pande zote mbili, matawi yamesukana bila majani, rangi ya majivu, kilomita baada ya kilomita, na hakuna kinachobadilika isipokuwa nguzo. Kwa dereva wa usiku, hapa ndipo macho hudanganyika. Taa huangaza vijiti vile vile, na akili huanza kuona watu. Ndiyo maana dereva na msaidizi wake huitana kwa sauti kila waonapo alama ya njia, hata kama wote wawili wameiona. Katika vichaka hivyo, bila ya kuulizwa, alirudi Kintinku.

Ilikuwa mwaka juzi, jioni, jua likiwa machoni mwake. Kijana mmoja alikuwa akitembea katikati ya reli, ameipa treni mgongo, nyaya za simu zimeziba masikio yake. Alipiga honi, akazitoa breki zote, akaendelea kupiga honi. Msaidizi wake alifumba macho. Yeye hakuweza kufumba. Treni ilipokuja kusimama, kijana alikuwa nyuma sana.

Polisi walikuja, uchunguzi ukafanywa, akaonekana hana kosa. Baada ya siku chache alirejea kazini na kuipita stesheni ile ile. Yeye na mkewe walikwenda kwa wafiwa na mchele na fedha kidogo. Baba wa marehemu aliwapokea, akawakaribisha kwenye kigoda, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mwanawe aliteseka.

“Nikamwambia hapana. Sijui, Sheikh. Nilimwambia hapana.”

Kisha alijifungia kwa Mola wake. Madrasa alisoma kuwa Sura ya An-Nisaa imeweka hukumu ya mwenye kuua kwa kukosea, na ndani yake mna kafara ambayo asiye na mtumwa wa kumwacha huru huifunga miezi miwili mfululizo. Alikumbuka pia kufundishwa kuwa mfululizo huo ukikatwa, hata kwa safari, hesabu huanza upya. Basi akafunga. Alifunga nyumbani na akafunga ndani ya kichwa cha treni, Tabora, Dodoma, Kigoma, bila ya kuigusa ruhusa ya msafiri. Siku ya 41 malaria ilimwangusha, akalazwa, akafungua. Alipopona alianza tena tangu siku ya kwanza, akamaliza sitini.

Siku mia moja na moja. Tulizihesabu wenyewe kimya kimya, kila mtu kwa vidole vyake.

Imamu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kuwa wanazuoni wa zama zetu wamezijadili ajali za vyombo, na wako waonao kuwa mwendeshaji ambaye hakuzembea, na aliyekufa ndiye aliyejiingiza njiani, hana dhima. Akamwambia pia kuwa katika ugonjwa unaolazimisha kufungua, si madhehebu zote zisemazo kuwa mfululizo umekatika. Akaongeza neno kuhusu hatari ya dereva kufunga kwa nguvu ilhali roho za watu ziko mikononi mwake, na hilo alilisema kwa uthabiti zaidi kuliko mengine. Hakumwambia kuwa alifunga bure. Alisema malipo ya kazi ile yako kwa aliyefungiwa.

“Laiti ungeuliza, ndugu yangu.”

“Nilikuja kuuliza, Sheikh. Nilikuja mara mbili. Darsa ni baada ya maghribi Jumatatu na Alhamisi, na mara zote mbili nilipofika watu walikwisha kutawanyika. Nikaona haya kugonga mlango wa mtu usiku na habari kama ile.”

Ndugu msomaji, hatukuwa na jawabu. Ofisi ya msikiti ina mlango, mlango una kufuli, na ufunguo wa kufuli hukaa mfukoni mwa katibu.

Njia kati ya Itigi na Tura hupita katika nchi ambayo watu wa misafara waliiita Mgunda Mkali, kwa kiu yake. Wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa pwani na Waarabu waliivuka kwa miguu wakielekea Tabora, na Tura ilikuwa faraja, kwa kuwa mtu akifika hapo amekwisha kuivuka. Kwa njia hiyo hiyo dini yetu iliingia bara, mgongoni mwa watu waliobeba pembe na vitambaa. Mara nyingi katika hotuba tumewataja wafanyabiashara na masheikh. Wapagazi tumewataja kidogo, na wenye kuwabeba wote hao juu ya chuma tangu mwaka 1912 hatukumbuki kama tumewahi kuwataja.

Vichaka vilianza kuachia nafasi kwa miti ya miombo, na juu ya matawi tukaona mizinga ya nyuki. Katika stesheni moja ndogo kabla ya Tura treni yetu ilipunguza mwendo bila ya kusimama. Kwenye njia ya pembeni palikuwa na treni ya mizigo inatusubiri tupite: matangi ya mafuta na makontena ya kwenda Isaka, kwenye bandari kavu, ambako hushushwa na kuendelea kwa malori hadi Rwanda na Burundi. Injini ilikuwa ikinguruma. Msaidizi wa dereva amekaa kwenye ngazi, anakula mkate. Na chini yake, juu ya kipande cha boksi kilichotandikwa kwenye kokoto, mtu mwenye sare ya kazi alikuwa amesujudu, kuelekea kaskazini.

Tulipita karibu naye kiasi cha kuuona mshono wa soksi zake. Ndugu yetu aliweka kiganja kwenye kioo. “Huyu ni wa Kigoma,” alisema. “Tumemchelewesha kidogo, alhamdulillah.”

Alituambia kuwa katika reli yenye njia moja, treni ya mizigo ndiyo inayosubiri, na kwake yeye muda huo wa kusubiri ndio msikiti. Miaka yote hiyo sisi tulipokuwa tukipita ndani ya treni ya abiria, tukishukuru kwa kuwa safari haina vituo vingi, kulikuwa na mtu pembeni anayepata rakaa zake kwa sababu ya kupita kwetu.

Jua lilizama baada ya Nyahua. Katika misitu ile simu hupoteza mtandao kwa masafa marefu, na hapo alitusimulia habari za nyumbani. Zamani, mtu alitumwa usiku kugonga dirisha la dereva na kumwita kazini, na mtaa mzima ulijua nani ameitwa. Siku hizi simu hulia tu. Mkewe huweka begi tayari nyuma ya mlango: nguo, unga, chumvi, dawa ya malaria. Katika nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi madereva hujipikia wenyewe, na yeye ni bingwa wa dagaa. Binti yake mdogo anaitambua honi yake miongoni mwa honi za wengine, ingawa honi ni ile ile moja. Hupiga fupi mbili na ndefu moja akiingia Tabora, na mtoto huamka, huuliza kama chai ipo, kisha hulala tena. Alikosa aqiqa ya huyo mtoto. Alikosa Idi mbili mfululizo. Hayo aliyasimulia akicheka.

Mweka hazina alikuwa hajasema neno tangu Itigi. Tulipoipita Igalula alikohoa, akasema: “Bwana dereva, jina lako tumelitoa kwenye mfuko.”

“Najua, Mzee. Mama watoto alirudishwa na bahasha.”

“Ni kanuni.”

“Ni kanuni, Mzee. Na mimi kazini nina kanuni. Mtu asiyefuata kanuni hapaswi kuendesha.”

Hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia kuliko kama angetukana.

Tulifika Tabora baada ya isha, harufu ya moshi wa kuni na ya miembe ikitupokea kabla ya taa. Alituaga kwa kutupa mkono mmoja mmoja, mweka hazina wa mwisho, kisha akaelekea ofisi ya zamu kuandika jina lake. Sisi tulikwenda moja kwa moja msikitini. Tulifungua ofisi, tukalitoa daftari, tukaitazama ile kalamu nyekundu chini ya mwanga wa simu. Imamu alitaka jina lirudishwe usiku ule ule. Mweka hazina alisema kuwa kilichokatwa na kikao hurudishwa na kikao, vinginevyo kesho kila mtu atakuja na safari yake. Na katika hili, kwa masikitiko, alikuwa sahihi.

Tumeliandika katika ajenda: hoja ya pili, kuirekebisha kanuni ya mahudhurio kwa wenye kazi za zamu, na kuzipokea bahasha zote zilizokataliwa. Hoja ya tatu ni imamu kuwa na saa mojawapo ya siku, isiyokuwa ya darsa, ambayo mtu anaweza kuja na jambo lake. Wako wajumbe wawili waliokwisha kutuambia kuwa watapinga hoja ya pili.

Kikao ni Jumapili hii baada ya alasiri. Tulimpigia simu kumwalika. Alishukuru sana, akasema Jumapili hiyo atakuwa njiani na mabehewa ya Kigoma, kwa makadirio yake baina ya Kaliua na Uvinza, na akauliza kama ule udhuru wa maandishi anaweza kuutuma kwa simu.